Alama Chini ya Kovu

Suruali iligoma kupanda. Ilifika katikati ya shavu la mguu ikakwama hapo hapo. Fundi, ambaye ameshonea watu nguo miaka ishirini na mbili na hajawahi kurudishiwa suruali kwa kubana, alipiga magoti kando ya kitanda cha mdogo wake akaitazama ile nguo kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Aliishona mwenyewe wiki moja kabla ya upasuaji. Ilikuwa suruali ya kulalia, kitambaa laini, na shavu la mguu aliliongezea vidole vinne kwa makusudi kwa sababu alisikia wagonjwa wa figo huvimba miguu. Jumapili mdogo wake aliivaa, ikabaki na nafasi ya kupitisha kiganja. Leo Jumatano haipandi.

Mdogo wake alimwambia labda ameifua kwa maji ya moto ikasinyaa. Alisema kwa utani, maana ni mwalimu wa hesabu, na walimu wa hesabu wakiugua hupenda kujifanya hawaumwi. Lakini fundi alisikia alivyopumua kati ya neno na neno, akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Alipokitoa kikaacha shimo, na shimo likabaki pale linamtazama.

"Wanasema uvimbe unapungua, dada," mwalimu alisema. "Kila siku sentimita moja. Karatasi ile pale."

Alhamisi iliyopita walimtoa figo moja, iliyokwisha kuharibiwa na mawe. Ikabaki moja, na mzigo wote ukaangukia hiyo. Ndugu wote walijua: hiyo moja ikizidiwa, basi. Fundi alijua kuliko wote, kwa sababu mama yao alipofariki alimwachia huyu mdogo wake akiwa bado anavaa kaptula, akamwambia maneno mawili tu: mwangalie huyu. Amemwangalia hadi leo, ana mke na ndevu.

Wodi yenyewe ilikuwa na jambo jipya. Mlangoni palipakwa rangi, pakaandikwa Kitengo cha Tiba ya Pamoja. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyepasuliwa figo akivimba, anapewa vidonge vya hospitali vya kutoa maji mwilini, na pamoja na vidonge anapata tiba ya Kichina: sindano nyembamba za miguuni na tumboni, na kila asubuhi nusu saa ya kuloweka miguu hadi magotini kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yaliyochemshiwa mizizi na majani. Fundi hakuwa na ugomvi na hayo. Mwenye tiba alikuwa daktari mwanamke kutoka China, aliyekaa nchini miaka mingi kiasi cha kubishana na wauza nyanya na kuwashinda. Wagonjwa walimwita Mama Sindano, naye aliitika. Alikuja Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine alikuwa na kliniki mbali.

Jumatatu ile fundi alikuwepo kwa macho yake. Mama Sindano alishika pia ya goti la mwalimu, akahesabu vidole vinane kushuka, akachora mstari kwa kalamu, akazungusha futi, akaandika arobaini na moja. Alimweleza sista kwamba kila siku wapime hapo hapo, mguu ule ule, na vidonge viendelee. Mstari ulipita katikati ya kovu la mwalimu. Kovu lile fundi analijua vizuri, maana ni lake yeye. Alikuwa na miaka kumi na miwili, anaendesha baiskeli ya baba bila ruhusa, mdogo wake amebebwa nyuma, mguu ukaingia kwenye spoku. Walichapwa wote wawili, ingawa mmoja alikuwa tayari anavuja damu.

Sasa akainamisha kichwa akautafuta mstari. Kovu lilikuwepo, liko pale liliko tangu enzi za baiskeli. Mstari wa kalamu ulikuwa chini yake, vidole viwili na nusu.

Fundi hakupiga kelele. Alikwenda kwa sista, aliyekuwa anasukuma toroli la dawa huku anatafuta kalamu iliyo sikioni mwake, akamuuliza mstari huu huchorwaje. Sista alimjibu bila kuficha kitu, kwa kuwa hakujua kama kuna cha kuficha. Wakiloweka miguu asubuhi, mstari unafutika, ndoo inafika gotini. Basi miguu ikikauka yeye huchora upya, pale pale.

Pale pale wapi? Pale palipokuwa. Kwa kukadiria? Kwa kukadiria, dada, wagonjwa thelathini na sisi wawili, na mizani ya kupima uzito imekufa tangu mwezi wa pili.

Jamani. Hebu niambie wewe uliyewahi kuvaa suruali: mguu wa binadamu una unene mmoja kutoka gotini hadi kwenye kifundo? Kila asubuhi mstari ulishuka kidogo, kidole kimoja, kidole na nusu, na mguu unavyoshuka ndivyo unavyokuwa mwembamba. Arobaini na moja, arobaini, thelathini na tisa. Hakuna kilichopungua. Kilichoshuka ni kalamu. Fundi amewahi kumfukuza mwanafunzi wake wa ushonaji kwa kosa dogo kuliko hilo, la kumpima bibi harusi nyonga akiwa ameshika futi kwenye mapaja.

Akaenda kwa mkuu wa kitengo. Alisubiri kwenye benchi saa nzima, mkoba magotini, ndani yake futi na daftari la oda zake. Mkuu alikuwa mtu nadhifu, shati limenyooka, na ukutani mwa ofisi yake palibandikwa chati kubwa: wagonjwa kumi na mmoja, mistari kumi na mmoja ya rangi, yote inateremka. Fundi alimweleza habari ya kovu. Mkuu alisikiliza kwa tabasamu, kisha akamwonyesha chati kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama anayemwonyesha mtoto picha ya tembo. Uvimbe wa mwalimu ulikuwa unapungua vizuri mno, hata jana yeye mwenyewe amesimamisha vidonge ili ionekane wazi mitishamba inafanya kazi. Kesho Alhamisi wanakuja wageni wakubwa kuangalia kitengo. Keshokutwa mwalimu anarudi nyumbani.

Fundi alirudia neno moja. Umesimamisha.

"Mama," mkuu alisema, "wewe ni fundi cherehani. Nguo ikikosewa inafumuliwa. Sisi hapa tunatibu watu."

"Ndiyo maana nilitegemea mpime vizuri kuliko mimi," fundi akajibu, na mkuu akafungua mlango, kwa heshima zote, ili atoke.

Alitoka, mkoba kwapani. Kilichokuja kumuuma baadaye ni kwamba alipokuwa anapita koridoni alikutana na Breki, dereva wa lori wa kitanda cha jirani na mwalimu, ameruhusiwa, anaondoka na mkewe na barua yake ya kupona. Wauguzi walimpigia makofi mlangoni. Jina la Breki alijipa mwenyewe, akidai hajawahi kufeli breki maisha yake yote. Alikuwa amevaa suruali ya fundi. Wanaume watano wa wodi ile walimwomba awashonee kama ya mwalimu, akawapima wote Jumapili ile iliyotangulia upasuaji wa mdogo wake, alipokuja kumlaza, akawaandika daftarini. Breki alimtania kwa sauti koridori nzima isikie:

"Fundi, umenipunja kitambaa. Suruali inanibana."

Fundi alicheka. Kichwa kilikuwa kimejaa mambo ya mdogo wake, akacheka tu, akamwambia apunguze kula. Atalikumbuka cheko hilo.

Jioni alimshika sista mkono, akamwomba angalau yeye ampe mwalimu vidonge. Sista alitikisa kichwa. Mkuu akishaandika simamisha, muuguzi akitoa kidonge anafukuzwa kazi, na ana wanawe. Fundi hakumlaumu. Alimlaumu njiani kutoka hospitali hadi kwake, kisha akafika akaacha.

Alhamisi wodi ilinukia sabuni. Mashuka mapya, mapazia mapya, na ndugu wa wagonjwa waliambiwa wawavalishe watu wao vizuri kwa sababu kutapigwa picha. Fundi hakumvalisha mwalimu suruali. Alimkunjia shuka hadi juu ya magoti, miguu ikabaki nje, mizito, inang'aa kwa kuvutika ngozi. Mwalimu alimwomba asimwaibishe. Alikuwa amekaa wima, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi inamkataa, na usiku mzima hakumwambia mtu. Utani wote ulikuwa umemwisha.

"Nyamaza," dada yake alimwambia. "Ukipona utanikasirikia."

Wageni waliingia, watu saba na mpiga picha, mkuu mbele yao anaeleza, Mama Sindano nyuma anafunga vifungo vya koti, ndiyo kwanza amefika kutoka kliniki yake. Walipofika kitanda cha mwalimu, sista akasoma karatasi: thelathini na nane leo. Mmoja wa wageni akasema hongera. Fundi akasimama kati ya kitanda na kamera. Hakumwangalia mkuu. Alimwangalia Mama Sindano, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi:

"Daktari, Jumatatu ulipima juu ya kovu hili. Nilikuwepo. Naomba upime hapo hapo."

Mkuu akaanza kusema kwamba ndugu wa mgonjwa wana wasiwasi, inaeleweka. Mama Sindano alikuwa tayari ameinama. Alitazama kovu, akatazama mstari wa kalamu ulio chini yake, akashika pia ya goti, akahesabu vidole vinane. Vilitua kwenye kovu. Akanyoosha mkono bila kugeuka, na fundi akamwekea futi yake kiganjani. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza.

"Arobaini na tano," Mama Sindano alisema.

Akapima mara ya pili. Ilikuwa ile ile. Akabonyeza muundi, akatazama shimo, akaweka kifaa chake cha kusikilizia mgongoni kwa mwalimu, akasikiliza upande huu na upande ule. Akaomba karatasi ya dawa. Aliisoma mara moja tu.

"Nani amesimamisha vidonge?"

Macho ya wauguzi yote yakamwendea mkuu. Mkuu alisema kwa upole kwamba takwimu zilionyesha mitishamba inatosha, na kwamba hayo wangeyazungumza ofisini. Mama Sindano alikuwa mfupi, akamtazama kutoka chini kwenda juu, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nilisema pamoja," akamwambia. "Sikusema badala yake. Mimi sikuja hapa kushindana na vidonge. Maji yako kwenye mapafu ya mtu huyu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wageni wakasukumwa nje wakiwa bado na daftari mkononi. Ikaja sindano ya kutoa maji, ikaja oksijeni, akaja daktari wa zamu na mashine ya kupiga picha figo. Figo ile moja ilikuwa nzima lakini imechoka, walisema. Siku mbili nyingine kwa mwendo ule ingekoma. Fundi aliambiwa akae nje. Alikaa kwenye benchi, akafungua mkoba, akagundua futi yake imebaki wodini, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa ajili ya futi, kama ungemuuliza.

Saa nane mchana sista alitoka na chupa ya mkojo imejaa, akampitishia machoni anacheka na kulia. Fundi hajawahi kufurahia mkojo wa mtu kiasi kile. Mwalimu alikojoa chupa ya pili kabla ya jioni. Ijumaa alilala chali, akamrudishia dada yake futi, akamwita mchokozi, akaomba chai wakamnyima.

Ungedhani yameisha. Ijumaa hiyo hiyo mkuu alimwita fundi ofisini, safari hii bila kumsubirisha. Alimpa kiti. Alisema amesikitika, kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na hilo ndilo la maana, kwamba wauguzi wataelekezwa upya namna ya kuchora mstari. Karatasi ya zamani ya mwalimu itawekwa pembeni na mpya ianze leo. Hakukuwa na haja ya kupeleka mambo mbali, kitengo ni kichanga na adui zake ni wengi. Alisema hayo yote kwa adabu. Nyuma yake chati ilikuwa bado ukutani, mistari kumi na mmoja inateremka.

"Na hawa kumi?" fundi aliuliza.

Mkuu akasema hao walishapona.

Wewe! Walipona kwa kipimo gani? Kwa kalamu ile ile, ndoo ile ile, pale pale ya kukadiria. Walimtoa mdogo wake mdomoni mwa kaburi, na huyu bwana wa shati lililonyooka bado anataka kuhifadhi chati. Alitoka akamtafuta Mama Sindano, ambaye siku hiyo haikuwa zamu yake lakini alikuja, akamkuta kwenye chumba cha kuchemshia mizizi, ameketi juu ya kreti na mafaili ya wagonjwa magotini. Fundi akafungua daftari la oda akamwonyesha. Wanaume wote watano, Breki akiwemo: kiuno, nyonga, urefu, na shavu la mguu limepimwa vidole vinane chini ya goti, kwa sababu hivyo ndivyo fundi anavyopima mtu yeyote. Hospitali nzima yenye mashine zake zote, kipimo pekee cha kuaminika kilikuwa kwenye daftari lenye michirizi ya mafuta ya cherehani.

Mama Sindano alisoma ukurasa kwa ukurasa. Alisema kosa la kwanza ni lake; alijua maji yatafuta wino, na hakukaa akafikiri. Halafu akachukua simu, na yeye na sista wakaanza kuwapigia wagonjwa wote kumi, mmoja baada ya mwingine, wabonyeze miundi yao na waseme kidole kinazama au hakizami. Wengi walikuwa salama. Mmoja hakupokea. Mke wa Breki alipokea, akasema mume wake yuko vizuri, miguu imejaa kidogo tu, lakini barua ya hospitali inasema amepungua, kwa hiyo hawakutaka kusumbua watu. Mama Sindano alimwambia amlete. Kesho? Sasa hivi, mama.

Walikaa mbali, wakafika Jumamosi asubuhi. Fundi alikuwa koridoni amebeba nguo safi za mwalimu alipoona kiti cha magurudumu kinasukumwa kutoka getini. Alianza kuitambua suruali kabla ya kumtambua mtu. Ilikuwa imechanwa mguu mmoja kuanzia chini hadi gotini. Mshono haukufumuka wenyewe, mshono wake haufumuki. Ulikatwa kwa mkasi, mkasi butu wa jikoni, mtu akihangaika kumvalisha mtu asiyevalika. Mke wa Breki alimwona anatazama, akaona haya. Akamwomba radhi kwa kuiharibu kazi yake.

Breki, midomo imepauka, mdomo wazi akitafuta hewa, aliinua macho akamwona.

"Nilikwambia," alisema, akapumua, "umenipunja kitambaa."

Fundi alipiga magoti pale pale koridoni, kwenye sakafu yenye maji ya deki, akatoa futi mkobani na daftari. Mama Sindano na sista walikuwa wanakuja mbio kutoka wodini na kitanda. Mkuu wa kitengo alikuwa ametoka ofisini kwake kwa kelele za magurudumu, akasimama juu ya fundi, akauliza ni nani amemruhusu mtu wa nje kupima wagonjwa.

Fundi hakuinuka. Alishika mkono wa mkuu, ule wa saa nzuri, akauvuta chini hadi alipolazimika kuchuchumaa, akamwekea ncha ya futi chini ya kidole.

"Shikilia hapa," alimwambia. "Kwenye mfupa. Usisogeze."

Mke wa Breki alikuwa anamtazama. Mkuu akashikilia. Fundi akahesabu vidole vinane kushuka, akakishika kituo kwa kidole chake mwenyewe, akaivuta futi ile kutoka gotini akaizungusha mguuni, akaitazama mara mbili. Daftarini Jumapili ile ilikuwa thelathini na nane. Kwenye barua ya kupona ilikuwa thelathini na sita.

"Arobaini na saba," akasoma kwa sauti, polepole, ili mke wa Breki asikie, kisha akampa mkuu kalamu aandike.